Mjomba Kwenye Tundu la Printa

Hapa Kilimatinde, ukingoni mwa Bonde la Ufa, fundi wetu ana kompyuta mbili kuukuu za Linux: zinakaa meza moja, hazisalimiani. Kaziunganisha kwa tundu la printa, lile la pini 25. Njia hiyo huitwa PLIP, mtandao wa asiye na kadi. Siku tatu kalaumu waya, kalaumu vumbi, kalaumu umeme. Kumbe programu ya printa, lp, imelikalia tundu kama mjomba aliyekuja msibani akahamia. Na printa yenyewe ilikufa zamani! Mjomba akafukuzwa, data ikapita, biti nne nne, kwa madaha ya bibi harusi. Hongera, fundi! Ila faili ulilotaka kulituma, kijana wa jirani alikwishalihamisha kwa flashi, sasa anakunywa chai yako.