Sailensi Isiyonyamaza

Nilipofika msibani Tabata, watu wameinamisha vichwa, dua inasomwa. Nikazima gari. Halikuzimika. Ufunguo ninao mkononi, injini inaendelea peke yake, kho-kho-kho, kama mzee aliyeamshwa na moshi. Shehe akanyamaza. Nikatia gia ya nne, nikakanyaga breki, nikaachia klachi ghafla; ndiyo njia ya kuinyonga injini isiyosikia ufunguo. Ikafa, lakini kwanza gari likaruka hatua moja na kulibusu rundo la viti vya plastiki.

"Shemeji," akaninong'oneza mmoja, "umekuja msibani au mashindanoni?"

Corolla yangu ni ya 1982, ya kabureta, na sailensi ilikuwa imepanda tangu Jumamosi niliyoosha injini mwenyewe ili kuokoa fedha. Gari la namna hii likisimama, injini yake hutakiwa izunguke mara 700 au 800 hivi kwa dakika. Langu halina kipimo cha mizunguko, ila kwa sikio nilikadiria 2,000. Kwenye foleni sikuhitaji pedali: natia gia ya kwanza, gari linaondoka lenyewe kwa mbio za mtoto aliyechelewa shule. Vijana wa bodaboda walidhani nawachokoza, nao wakavuta mafuta.

Dar es Salaam ukifungua boneti kando ya barabara, kila apitaye ni fundi. Muuza karanga alisema plagi. Nikabadilisha plagi. Konda wa daladala alipaza sauti kutoka mlangoni, "Choki hiyo, mzee!" Choki ilikuwa wazi kabisa. Fundi wa kwanza niliyemlipa alizungusha distibuta mpaka mlio ukashuka. Kweli ulishuka, na nguvu zikashuka nao. Kwenye kilima cha Kimara nilipitwa na mtu anayesukuma baiskeli ya mkaa, naye hata hakugeuka kuniangalia.

Wa pili alikuwa kijana mdogo, ovaroli imemzidi. Kwanza akairudisha distibuta mahali pake, akiguna. Akalegeza skrubu ya sailensi mpaka ikaacha kugusa chochote, mlio palepale. Akauvuta waya wa mafuta, haukukwama. Kisha akauziba mdomo wa kabureta kwa kiganja. Injini nzima ikizibwa pumzi hivyo hufa. Yangu ilihema, ikashuka, ikaendelea.

"Mzee, nimeiziba na bado inapumua. Inapumulia wapi?"

Miaka yote ile nilikuwa naamini nakanyaga mafuta. Kumbe pedali ile hufungua mlango wa hewa, na mafuta hufuata yakivutwa na hiyo hewa. Mlango umefungwa, basi kuna mahali pengine hewa inapenyea.

Akachukua chupa ya maji ya sabuni yenye kifuniko kilichotobolewa. (Wapo wanaotumia petroli kwa kazi hii. Utawatambua kwa nyusi.) Akatiririsha kwenye gasketi chini ya kabureta: hakuna kitu. Akaubana kwa koleo mpira unaokwenda kwenye busta ya breki: hakuna. Akainama zaidi, upande wa nyuma, penye kijibomba cha shaba chenye unene wa penseli. Matone yakamezwa, fyuu, mlio ukayumba. Akaweka kidole. Gari likatulia hata nikasikia mafuta ya chipsi yakichacharika kibandani ng'ambo ya barabara.

"Hapa palikuwa na kofia ya mpira, nyeusi, kama ncha ya kidole hiki kidogo. Hukuiona ikidondoka?"

Nikasema sikuiona. Nilisema kwa uzito wote wa mtu mwenye mvi.

Akakata kipande cha mpira, akakichomeka, akakiziba mwisho kwa skrubu, akatengeneza sailensi upya, akanidai pesa ambayo ni aibu kuitaja ukilinganisha na bei ya zile plagi.

Usiku nikaketi barazani kusikiliza taarifa ya habari. Nikavuta antena ya redio, ile iliyopoteza kichwa, ambayo wiki tatu nyuma niliivalisha kipira cheusi nilichokiokota chini ya gari, isije ikamchoma mtoto jicho. Nikabaki nimeishika.

"Baba watoto," mke wangu akauliza, "na redio nayo imeharibika?"

"Hapana," nikasema, nikaigeuzia ukutani.