Kiingilio cha Kupelelezwa

Berlin, kando ya mto Spree, kuna makumbusho ya DDR, ile Ujerumani Mashariki iliyozikwa 1990. Yalifunguliwa 2006, nayo ni mali ya watu binafsi. Naam, ujamaa siku hizi unakatiwa tiketi, na ukimaliza kuutazama kuna duka.

Ndani unapanda Trabant, gari la bodi ya plastiki iliyochanganywa na pamba. Raia alilisubiri zaidi ya miaka 10. Wewe unasubiri tu mtoto wa watu ateremke. Ukikamata usukani, barabara inatokea kwenye kioo cha mbele. Gari lenyewe halitoki hapo lilipo, kwa hiyo angalau halikuharibikii njiani.

Kisha sebule: kochi, kabati refu la ukutani, na mambo ya Stasi, polisi wa siri wa nchi hiyo, ya kunasa maongezi ya watu. Wageni wanaona kioja, eti serikali ilisikiliza majumba ya watu! Wanaiambia hivyo simu iliyo mkononi, inayojua walikolala jana.

Mzanzibari usihangaike na viza. Fleti za Michenzani, Unguja, zilianza kujengwa enzi za Rais Karume kwa msaada wa hao hao Wajerumani Mashariki, na kupanda ngazi zake ni bure.