Washika Mfuko
Wall Street, aliyebaki na hisa zisizonunulika huitwa mshika mfuko: wenzake wameondoka na nyama, yeye kaachiwa mfuko, na bado kaukumbatia. Wale wa Bed Bath & Beyond wameukumbatia kwelikweli. Duka hilo la Marekani lilikimbilia mahakama ya ufilisi Aprili 2023. Septemba mwaka huohuo hisa zake zote zikafutwa, wenyewe wasipewe hata senti. Wapo walioshikilia kuwa hiyo ni janja tu, kuna tajiri yuaja kuwalipa. Hongera zao! Kushuka kwa bei hakuwanyimi tena usingizi, maana bei yenyewe haipo. Ukiwauliza watauza lini, wanakutazama kwa huruma: maskini, huyu hajui uwekezaji.