Kibakuli cha Masharti

Jomvu Kuu tumepata mjasiriamali wa vifungashio. Hongera zake. Anauzia mikahawa ya mjini vibakuli vya kubebea biriani, vimeandikwa kwa wino wa kijani kwamba vinaoza. Vinaoza kweli, ila masharti yake kama ya bibi harusi: vimetengenezwa kwa plastiki ya mahindi, nayo yataka mtambo maalumu, unyevu wa kutosha na joto la nyuzi 60 hivi. Jua la Mombasa, na jeuri yake yote, hewa haifikishi hata 40. Ajabu ni kwamba biriani ikitiwa humo ya moto, kibakuli hulegea papo hapo, njiani, mgongoni mwa bodaboda. Kikishatupwa jaani Mwakirunge ndipo kinapokumbuka kuwa kigumu.

Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, kila mwenye rangi ya kijani ana la kuuza.

Mimi nilimuuliza tu, kwa adabu: "Mwanangu, na jani la mgomba je?"

"Halina nembo, mzee."

Kweli halina. Tena mbuzi hulimaliza kabla mteja hajalipiga picha.