Kamanda na Mnyororo wa Hatua Tatu

Paliondokea mbwa mmoja mjini Bujumbura, upande wa Kibenga, kule ambako nyumba zimesogea karibu na Ziwa Tanganyika. Jina lake Kamanda. Bosi wake alimleta akingali mtoto, ndani ya boksi la maziwa, na siku zile za mwanzo alikimbia uani mpaka masikio yakawa yanampiga usoni. Alipokua, akaangusha sufuria mbili tatu na kumtisha mgeni mmoja, akafungwa mnyororo chini ya mwembe. Mnyororo ule ulikuwa wa hatua tatu.

Anayetaka kujua Kamanda aliishije, na autazame udongo wa pale. Kuuzunguka mwembe palikuwa na mfereji mwembamba, umechimbwa na nyayo zake, umeshindiliwa ukawa mgumu kama sakafu. Nje ya mfereji nyasi mbichi. Ndani yake vumbi tupu. Kucha zake, kwa kukosa barabara ya kuzisugua, zilirefuka zikajikunja kama ndoana. Shingoni manyoya yalikuwa yamekatika, ikabaki pete ya ngozi iliyo wazi.

Na bosi hakuwa mtu mbaya. Mbwa alipewa ugali, alipewa wali uliobaki, alipewa vichwa vya samaki wa mukeke na mifupa. Wageni walipokuja walimsifia: mbwa wako kashiba! Naye bosi akifurahi, maana kwetu aliyenenepa ndiye aliyependwa. Hakuna aliyempapasa mbavu. Angepapasa, vidole vingezama katika mafuta visiguse mfupa, na hiyo ndiyo dalili kwamba mbwa amebeba mzigo ambao magoti yake hayakuumbiwa.

Kila Jumapili alfajiri bosi huyohuyo alivaa viatu vya mbio akatoka. Daktari alimwambia sukari imeanza kupanda, atembee, akimbie, atoe jasho. Bujumbura ni mji unaokimbia. Jumamosi na Jumapili, jua kabla halijachomoza juu ya milima, makundi hushuka barabarani, vijana kwa wazee, wakiimba na kupiga makofi, mmoja anatoa wimbo na wengine wanapokea. Anayeishi hapa anakumbuka mwezi wa tatu mwaka 2014, baada ya ghasia, wakuu wa mji walipozuia mbio za makundi mitaani wakaziacha kwenye viwanja walivyovitaja wao. Asubuhi ya Jumapili ikawa kimya. Watu walilalamika kwamba miguu inawawasha. Ninakitaja kisa hicho kwa sababu mji uliowahi kuwashwa miguu ulipaswa kumwelewa Kamanda kabla ya miji mingine yote.

Kamanda alizisikia zile nyimbo. Zikikaribia, husimama, zikipita mbele ya geti, huvuta mnyororo mpaka pumzi inakwaruza kooni, zikipotea, huanza kuzunguka mwembe. Akachimbua maua. Akatafuna mpira wa kumwagilia bustani. Usiku akabwekea mwezi, akabwekea majani, akabweka bila kujua anabwekea nini. Bosi akasema, "Huyu mbwa mkaidi." Akaagiza mnyororo upunguzwe hatua moja.

Usiku huo wanyama wakafanya baraza.

Mbuzi, aliyeletwa kwa ajili ya sikukuu, akasema ugonjwa ni wa tumbo, mbwa aongezewe chakula. Kuku akasema ni jicho la watu. Paka akawanyamazisha. Paka huyu alizaliwa mtaa wa Buyenzi, akaletwa na mpishi, na watoto wa Buyenzi hawachelewi kusema.

"Ugonjwa wa kaka yetu uko miguuni. Mimi mnaniona nimelala mchana kutwa, mnadhani mvivu. Alfajiri na magharibi je? Naruka, navizia, nakimbiza mjusi, napanda ukuta. Siku mpishi aliponifungia stoo nililirarua gunia la mchele lote. Ndugu zangu wanaofugwa ndani, waliousahau mlango, angalau wapewe kamba ya kukimbiza, dakika chache asubuhi na chache jioni. Mwili uliopewa makucha ya kuwinda ukikosa cha kuwinda hujiwinda wenyewe."

Hapo Kasuku, aliyekuwa barazani ndani ya tundu, akageuza shingo. Kifuani hakuwa na manyoya. Aliyanyofoa mwenyewe, moja moja, kwa kukosa kazi.

"Ngojeni niwape habari ya Poco," akasema. "Poco alikuwa sokwe, hapahapa Bujumbura. Alitiwa katika tundu dogo, likatundikwa juu kwenye gereji ili avute wateja. Miaka tisa. Tundu lilikuwa jembamba hata hakuweza kutembea kwa miguu minne kama wenziwe. Watu wa Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, wakamwokoa. Vita vilipowaka nchini, sokwe waliokuwa wakitunzwa hapa walipelekwa Kenya, kwenye hifadhi ya Sweetwaters, kule Ol Pejeta karibu na Nanyuki, iliyofunguliwa mwaka 1993. Huko kuna miti, kuna mto, kuna nyasi. Basi mnajua Poco alitembeaje alipopewa nafasi yote ile?"

Wakanyamaza.

"Wima. Kwa miguu miwili, kama mtu. Wageni walimtazama wakastaajabu. Lile tundu lilikuwa limebaki mwilini mwake."

Kamanda akalaza kidevu juu ya vumbi.

Nyuma ya ukuta ikasikika sauti ya nyasi zikikatwa kwa midomo mipana. Alikuwa Babu Kiboko. Kila usiku hutoka ziwani, hupanda nchi kavu, na wenye bustani za pwani huamka wakakuta alama za miguu yake. Ana uzito unaopita kilo 1,000, na katika baraza lile hakuna aliyemfikia kwa unene.

"Mnaniona mimi mnene," akasema kwa sauti iliyotikisa ukuta. "Lakini sijakosa safari yangu hata usiku mmoja. Nala kilo 40 za nyasi na kila kilo naifuata kwa miguu. Unene wangu nimezaliwa nao. Wa Kamanda ameletewa kwenye sahani." Akaondoka zake.

Wiki ile wezi wakaja. Mzee, yule zamu aliyelinda geti, akawasikia, akamfungua Kamanda haraka. Kamanda akatoka kwa kishindo, akakimbia hatua tano, kumi, kumi na tano, ulimi nje, kisha miguu ya nyuma ikakataa. Akalala katikati ya uwanja akihema. Wezi wakampita. Mmoja alimruka kabisa, kama mtu anayeruka gogo. Wakaondoka na televisheni na baiskeli ya mtoto.

Asubuhi bosi akaja juu. Mbwa wa kazi gani huyu? Auzwe, apewe mtu, aondoke!

"Bosi, niruhusu niseme," Mzee akasema.

"Sema, Mzee."

"Nimekaa hapa miaka minne. Mbwa huyu sijamwona akivuka geti hata siku moja. Wewe ukikaa wiki mbili bila mbio zako unapanda ngazi unahema. Yeye umemdai mbio ambazo hukumwekea akiba."

Bosi akatazama chini, kwenye ule mfereji. Ni kama alikuwa anauona kwa mara ya kwanza. Akauzunguka wote kwa macho, mpaka mwanzo na mwisho wake vikakutana.

Kesho yake, saa kumi na moja alfajiri, Mzee akamkata Kamanda kucha, kidogo kidogo asifike kwenye damu, akamvisha kamba laini. Aliichagua saa hiyo kwa makusudi: mbwa hatoi jasho la maana isipokuwa kwenye nyayo, joto lake hulitoa kwa kuhema, na lami ya Bujumbura ikishapigwa na jua huunguza. Mzee huweka mgongo wa mkono wake chini. Akishindwa kuuacha pale, anajua nyayo za mbwa nazo zitashindwa.

Bosi akashika kamba mwenyewe. Geti likafunguliwa.

Kamanda akatoka hatua tatu, akasimama. Hakuna kilichomzuia. Kamba ilikuwa imelegea, imelala chini kama nyoka aliyeshiba. Akageuka kushoto, akaanza kuzunguka, pale barabarani, duara lilelile la mwembe, mara moja, mara ya pili. Kundi la wakimbiaji likapita likiimba. Baadhi wakacheka, mtoto mmoja akauliza yule mbwa anacheza nini. Kasuku, aliyekuwa akitazama kwa mbali, hakucheka.

Bosi naye hakuivuta kamba. Akachuchumaa barabarani na viatu vyake vya bei, akangoja. Siku hiyo walienda mpaka kwenye nguzo ya umeme ya jirani wakarudi, dakika kumi basi, maana mwili uliolala miaka hauamshwi kwa siku moja. Siku ya tano wakafika dukani. Sahani ya jioni ikapunguzwa. Mwezi wa pili mbavu zikaanza kuhisika chini ya vidole, na usiku ukawa na utulivu. Kamanda alibweka palipokuwa na mtu, akanyamaza pasipokuwa na mtu. Mfereji wa mwembe kuku wakaufanya mahali pa kuogea vumbi.

Asubuhi moja wakafika ziwani. Maji yalikuwa yametulia, milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Mchangani palikuwa na alama za miguu mipana, mbichi bado. Kamanda akatia pua ndani ya alama moja, akavuta pumzi ndefu, kisha akakimbia hata bosi akaachia kamba.

Aliporudi, miguu imelowa, akapita chini ya baraza.

"Leo umefika wapi?" Kasuku akamuuliza.

"Mpaka zilipo nyayo za Babu Kiboko."

Kasuku akasogea katikati ya kijiti chake, akafungua mabawa, la kulia likagusa nondo, la kushoto likagusa nondo.