Burusheti na Wadai Wake

Shemeji yangu ni mtu wa hesabu, na hesabu zake hutoka sawasawa zikiwa bado mdomoni mwake. Bei ya nyama ilipopanda tena sokoni Kimironko, alikaa sebuleni kwetu Masoro akatupigia moja: wafugaji wa maziwa kule Nyagatare hawana haja na ndama dume, humwachia mtu kwa bei ya kutupa, majani ni ya Mungu, baada ya hapo ni kuchinja, kula na kumsahau mwenye bucha. Mke wangu akasema wazo zuri. Mimi mzaliwa wa Nyamirambo, niliyemjua ng'ombe akiwa tayari kwenye mshikaki, niliambiwa nitoe pesa tu.

Ndama akaletwa, mweusi mwenye mabaka meupe, na watoto wakampa jina siku ile ile: Burusheti, yaani mshikaki. Angalau wao hawakuficha nia.

Basi, hayo majani ya Mungu. Masoro yako upande wa pili wa uzio wa eneo maalumu la kiuchumi, au yako chini ya nyumba inayojengwa. Yaliyobaki yana mwenyewe, kijana wa baiskeli anayepandisha matete kutoka bondeni, mzigo umemfunika hadi unadhani kichaka kimeamua kwenda mjini. Ng'ombe hula majani mabichi kiasi cha asilimia 10 ya uzito wake kila siku. Akifika kilo 300, ni kilo 30 leo, na kesho ameshasahau kwamba alikula. Nikawa namlipa kijana yule zaidi kuliko nilivyowahi kumlipa mwenye bucha, tena huyu hakuwahi kuniongezea hata mfupa.

Jirani zetu ni watu wa maana. Volkswagen wanaunganisha magari mtaani hapa tangu 2018, na BioNTech ya Ujerumani imejenga kiwanda cha chanjo za mRNA kwa makontena. Katikati ya sayansi yote hiyo, mimi nilikuwa nimeinama na bomba la mgongoni nikimnyunyizia dume dawa ya kupe asije akafa kwa ndigana, naye akinipangusa uso kwa mkia uliobeba kila kitu isipokuwa dawa.

Nisiseme uongo, heshima niliipata. Wazee waliokuwa wakinipita kama nguzo ya umeme sasa walisimama kunitakia makundi: "Amashyo!" Nami, mwenye kichwa kimoja cha ng'ombe, tena dume, nikaitikia "Amashongore!" kwa sauti ya mtu aliyeacha wengine mia malishoni. Kadi za michango ya harusi zikaanza kunifikia kutoka kwa watu nisiowajua. Mama mmoja alikuja na kidumu cha maziwa. Nilipomweleza, aliinama akahakikisha mwenyewe, akaguna, kisha akaomba samadi. Hiyo ilikuwepo, ya kutosha kata nzima.

Sheria inataka ng'ombe afugiwe bandani, asizurure. Burusheti alichagua kuivunja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Siku nyingine yoyote angevunja lango akaonwa na mlinzi na mbwa wake. Lakini hii ilikuwa asubuhi ya umuganda, ile kazi ya pamoja, magari yamesimama hadi saa 5, na mudugudu mzima uko barabarani na majembe ukipanda miti. Alifuata mstari wa miche kwa utaratibu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayekagua kazi. Kwenye mkutano wa baadaye ajenda ya kwanza ilikuwa usalama na ya pili Burusheti. Wakaanza na ya pili.

Habari hizo zikafika Nyagatare, na baba mkwe akaja.

Hapa sina budi kueleza habari za mahari yangu. Siku ya kuposa, wazee walizungumzia ng'ombe kwa ufasaha mkubwa, na mchungaji wa kukodi akaingia hemani na fimbo akaapa kwamba amewaona nje, wanene, wazuri. Nje kulikuwa na magari ya kukodi. Ng'ombe wenyewe walikuwa ndani ya bahasha. Desturi inasema baadaye upande wa mke huwarudishia maharusi ng'ombe, indongoranyo, na kwa kuwa bahasha haizai, hakuna aliyeligusa jambo hilo.

Mzee alisimama bandani, ameegemea fimbo, akamtazama Burusheti kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kunitazama mimi.

"Mkwe wangu, huyu umemtoa wapi?"

"Kaniletea shemeji, mzee. Nilimnunua."

"Hilo baka la shingoni nalijua. Mama yake yumo zizini mwangu."

Shemeji akakumbuka kwamba ameacha simu kwenye gari.

"Basi ndiyo indongoranyo yako," mzee akasema. "Umeshaipata. Na ng'ombe wa kugawiwa hachinjwi kimya kimya."

Hakuchinjwa kimya kimya. Machinjioni, daktari wa mifugo alimkagua mzima, akamkagua tena akiwa nyama, akagonga muhuri. Ng'ombe ukimtoa ngozi, kichwa na matumbo hubaki kama nusu yake, mifupa ikiwemo. Shemeji alikuwa amehesabu hadi kwato. Paja moja likaenda Nyagatare. Mama yangu akapelekewa fungu lake Nyamirambo, pamoja na majirani zake wote. Kijana wa matete alikuja na daftari la madeni. Waliopanda miti walikuja bila daftari, lakini kila mmoja aliukumbuka mche wake. Jokofu letu, ambalo nililiogopea kwamba litapasuka, lilifungwa kwa kidole kimoja.

Jioni simu ikalia. Baba mkwe alikuwa amekula paja, akatafakari, na aibu ikamshika: indongoranyo gani hiyo ya dume? Amenipakilia mtamba mwenye mimba. Gari limeshapita Kayonza.

Shemeji alikuwa mezani kwetu akikwangua mfupa. Akafuta vidole, akaomba kalamu, akasema hesabu ya maziwa ni nzuri zaidi.