Namna ya Kuwa Mkulima Asiyelima

Lugha yetu haikujiandaa kwa jambo hili. Mkulima ni mtu anayelima, na kulima, kwa aliyekulia Lushoto kama mimi, ni kuinua jembe hadi nyuma ya kisogo na kulishusha mpaka kiuno kilalamike. Jembe limo kwenye nembo ya taifa, limo kwenye bendera ya chama, na mtu hodari kazini tunamwita jembe. Sasa niko Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza, kwenye kishamba cha mboga cha robo ekari ambako jembe limepigwa marufuku. Mwezi ni Februari, baridi inaelekea ukingoni kwa mwendo wa kobe, na kila anayenipigia simu kutoka nyumbani anataka kujua kama nimeshalima. Mwongozo huu ni kwa yeyote atakayejikuta kwenye fedheha hiyo.

Kwanza jifunze imani yenyewe, maana utaulizwa. Udongo ni mji. Nyungunyungu wamechimba vichochoro, kuvu wametandaza nyuzi zao kutoka mzizi hadi mzizi, na wewe ukishusha jembe umebomoa mtaa mzima na wenyewe wamo ndani. Isitoshe, umeziamsha mbegu za magugu zilizolala gizani miaka nenda miaka rudi. Zikiona mwanga, zinadhani zimealikwa. Kwa hiyo hutifui kitu. Unatandaza mboji juu, nyungunyungu wanaishusha chini wao wenyewe, usiku na mchana, bila kudai posho. Mtu akibisha, mtajie Charles Darwin, ambaye mwaka 1881, karibu na kufa kwake, alitoa kitabu kizima juu ya nyungunyungu. Akiendelea kubisha, mtajie Mmarekani Edward Faulkner, aliyelishitaki jembe la kukokotwa kwenye kitabu chake cha mwaka 1943. Na hapa hapa Somerset yupo Charles Dowding, ambaye tangu miaka ya 1980 analima bila kulima. Unaona? Kiswahili kimenigomea tena.

Ukishaambiwa huchimbi, utadhani umepata mapumziko. Nilidhani hivyo pia. Chukua kalamu. Matuta yetu yana jumla ya mita za mraba 600. Kila mwaka yanatakiwa kupata tabaka la mboji la sentimita mbili na nusu, kitu ambacho ukikionyesha kwa vidole kinaonekana kama mzaha. Hesabu inakuja mita za ujazo 15. Toroli letu linabeba lita 85. Hizo ni safari 177, kila moja ya kwenda na mzigo na kurudi na toroli tupu, ambalo kwa sababu nisizozielewa huwa zito kuliko lilivyokwenda. Kilichofutwa ni jembe tu. Kazi imehamishwa idara.

Siri ya toroli ni sakitu. Asubuhi ambapo kila mtu mwenye akili yuko chini ya blanketi, wewe toka nje, kwa sababu usiku umeigandisha njia ikawa ngumu kama saruji na gurudumu linateleza raha mustarehe. Ikifika saa tano jua linachungulia, njia inageuka uji, na toroli linazama mpaka ekseli. Una saa tatu, basi. Tatizo dogo ni kwamba baridi iliyogandisha njia imegandisha pia rundo la mboji, kwa hiyo saa ya kwanza utaitumia kulipiga kwa beleshi kama unayevunja kokoto. Walionifundisha waliniambia nilifunike rundo kwa zulia kuukuu tangu jioni. Waliniambia nilipokuwa nimeshamaliza.

Samadi ya farasi utaipata bure kwenye mazizi ya jirani, na mwenye farasi atakushukuru kama vile umemfanyia hisani. Usifurahi haraka. Ziko dawa za magugu zinazopuliziwa majani ya malisho. Farasi anayala majani, dawa inapita tumboni mwake salama salimini na kukungoja kwenye samadi. Haiui nyasi, inaua nyanya, viazi na jamii yote ya maharage. Mwulize mwenye farasi nyasi zake zilipuliziwa nini, naye atakujibu kwa upole mwingi kwamba hajui, alizinunua. Basi jaza samadi hiyo kwenye vyungu vichache, panda maharage mapana, yale ya kupikia ful kule Misri, uyaweke dirishani. Baada ya wiki tatu au nne, majani yakijikunja kama ngumi ya mtoto, umepata jibu ambalo mwenye farasi hakuwa nalo. Mwaka mmoja tulikosa subira, tukatandaza kwanza na kupima baadaye. Nyanya zetu msimu ule zilikuwa na umbo la kuvutia sana, kama hirizi.

Palipo na majani mabaya, laza maboksi chini kabla ya mboji, kingo zipandane vizuri. Kazi ya maboksi ni kubandua selotepu. Hakuna anayekwambia. Utajiona umepiga magoti kwenye tope, vidole vimekufa ganzi, unabandua selotepu kwenye boksi lililoleta friji ya mtu usiyemjua. Usipoibandua, utaikuta miaka mitano baadaye ikiwa nzima kabisa, mahali ambapo boksi, friji na pengine mwenye friji walishasahaulika. Chini ya maboksi pia watahamia konokono wasio na gamba. Toka usiku na tochi na ndoo. Sina la kuongeza hapo.

Katikati ya Februari mchana wa huku unakaribia saa 10 za mwanga, na ndipo ruhusa ya kusia mbegu hutolewa. Wenzako wakiagiza maua ya waridi tarehe 14, wewe unahesabu mbegu za vitunguu, sita au saba kwa kila kitundu cha trei; vikikua vitasukumana vyenyewe, kama abiria wa daladala, na kila kimoja kitapata nafasi yake. Joto utalitoa kwenye samadi mbichi: irundike ndani ya kitalu nyumba, nayo itachemka kwa ndani hadi kupita nyuzijoto 60, kisha ipoe kiasi, uweke trei juu. Wasio na kitalu hutumia dirisha la sebuleni. Miche ya sebuleni hurefuka kama twiga ikitafuta jua, halafu huanguka, na ndoa nyingine nayo hufuata.

Mtihani mgumu kuliko yote utakuja bila kubisha hodi. Itatokea siku moja mwishoni mwa mwezi jua litawaka, ndege wataimba, nawe utataka kuhamishia kila kitu nje. Mwishoni mwa Februari 2018 nchi hii ilifukiwa na theluji iliyoletwa na upepo wa kutoka mashariki. Tarehe 26 Februari 2019, kule Kew, London, kipimajoto kilifika nyuzi 21.2, na watu wakavua makoti. Mwezi ni ule ule. Jua la Februari ni mkopo wa mtaani. Tulia, usihamishe kitu.

Wakati huo huo wateja wa kishamba wanataka vikapu vyao vya mboga kila Ijumaa. Kuna liki, kuna sukuma wiki ambazo njiwa pori hawajazimaliza, na kuna pasnipu, mithili ya karoti nyeupe, ambazo kadiri baridi inavyozitesa ndivyo zinavyozidi utamu. Pasnipu haitoki kwa kuvutwa. Inabidi uchomeke beleshi pembeni yake, uegemee, udongo upasuke. Dini inaruhusu. Hata hivyo mimi hutazama kushoto na kulia kwanza.

Jumapili iliyopita, toroli la 140 likiwa limezama njiani, shangazi alipiga simu kutoka Mlalo, kule kwetu Lushoto.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umeshalima?"

Nikamweleza yote: mji wa nyungunyungu, nyuzi za kuvu, mbegu za magugu zinazoamshwa, maboksi. Akasikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lilipaswa kunishtua.

"Kwa hiyo huko hulimi," akasema.

"Hatulimi, shangazi. Ndiyo utaalamu wenyewe."

"Hata hapa ulikuwa hulimi. Ila sisi tulikuwa hatukulipi."